Daftari Tatu za Bloku C

Aliyeandika neno néant kwenye wasifu wa Glodie ni mimi. Nalisema mapema, kwa sababu hapa mtaani watu wanapenda kulisimulia jambo hili wakinipa sifa, na sifa hizo si zangu. Nina sekretariati ndogo mkabala na lango la chuo kikuu hapa Bunia: kompyuta mbili, printa moja, skana moja, na paneli ya sola juu ya bati kwa siku ambazo umeme umekwenda, yaani siku nyingi. Kwa miaka kumi na mmoja nimewaandikia wanafunzi barua, kazi zao za kumaliza masomo na CV. Jina langu ni Régine. Nina mdomo, najua, hakuna haja ya kunikumbusha.

Kitu nilichojivunia kuliko vyote katika duka lile kilikuwa folda moja niliyoiita CV ZOTE. Kila aliyepita mezani kwangu alibaki humo: jina lake, la baba, la mama, kijiji alichotoka, namba ya simu, picha ya kadi yake ya uchaguzi. Mtu akipoteza karatasi zake alikuja kwangu akazipata. "Miye niko archive ya Bunia," nilikuwa nawaambia wateja, nao wanacheka, nami navimba kichwa.

CV zenyewe, niseme ukweli, zilikuwa moja. Niliiandika mwaka wa kwanza, nikaiuza miaka kumi na mmoja. Nabadilisha jina, nabadilisha picha, basi. Anachopenda: kusoma, muziki, mpira wa miguu. Lugha: Kifaransa vizuri sana. Uzoefu wa kazi: néant, maana yake hakuna. Shuleni tulichapwa kwa kuacha nafasi wazi kwenye fomu. Kama huna kitu, andika néant, masista walisema, na sisi tukashika hivyo hadi leo.

Kisha chuo kikafungua tovuti yake ya kazi, ambayo kila mtu anaiita portail. Mwanafunzi anajijengea wasifu humo kipande kwa kipande, na mashirika yanayotafuta watu yanakuja kuangalia. Lakini wasifu usiofika asilimia mia hauonekani na mtu yeyote wa nje. Jumanne moja asubuhi Glodie akaingia dukani kwangu.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa mwisho wa takwimu, msichana mwembamba, viatu vya raba vimesuguliwa hadi vimebadilika rangi. Nilimjua kwa sura. Alikuwa akiishi kwenye site ya waliokimbia vita, pembeni ya mji, tangu familia yao ilipotoka kijijini kwao Djugu, nyuma ya Iga Barrière. Kutoka huko hadi chuoni alitembea kwa miguu kila siku, mvua isimwambie kitu.

"Mama Régine," akasema, "kuko shirika inatafuta batu mbili. Batu banaanza kurudia mu bijiji bya Djugu, sasa banataka kuandika kila famille. Banafunga Ijumaa, saa sita ya muchana."

"Na kazi zingine? Nimeona iko nyingi pale."

"Zingine sitaki. Ni batu ya kwetu. Nataka kazi ile ifanyiwe muzuri."

Nikamwambia akae. Baada ya robo saa nilikuwa nimemaliza. Kusoma, muziki, mpira wa miguu. Néant. Akatazama kioo cha kompyuta, akafungua mdomo, akaufunga. Mimi ni mtu mzima, yeye ni mtoto, na nilikuwa naandika haraka sana.

Jumatano akarudi, saa mbili asubuhi, kabla sijamaliza kufagia. Hakuwa amekasirika. Mimi ningekasirika.

"Assistant Adolphe amekataa profil yangu," akasema. Adolphe ndiye aliyekuwa akisimamia portail ile pale chuoni. Yeye ndiye anayepitisha au kurudisha. "Anasema iko nazo trente-neuf za namna ile ile. Siye bote tunapenda muziki na mpira."

Damu ikanipanda. Watu thelathini na tisa, wote mikono yangu! Nikatafuta wa kumgombeza, nikamkuta yeye peke yake.

"Na weye, haupendi muziki?"

"Napenda. Lakini mpira, hapana." Akavuta kiti. "Tuanze mupya, Mama Régine. Hatutumie ile yako."

Ile yako! Niliumia, lakini nikafungua ukurasa mtupu. Nikamuuliza swali ambalo kwa miaka kumi na mmoja sikuwa nimemuuliza mtu yeyote: tangu ulipofika Bunia umefanya nini? Akasema amesoma. Na baada ya masomo? Akasema anamsaidia mama kuuza samaki wa Kasenyi. Na nini tena? Akafikiri.

"Naandikaka liste ya bloc."

Ikabidi nimvute maneno moja moja. Site yao imegawanywa katika bloku, na mkuu wa Bloku C ni mzee anayeitwa Papa Osée, ambaye macho yake yamekwisha. Glodie alipofika na miaka kumi na sita, Papa Osée alimpa daftari na kumwambia: weye ndiyo macho yangu. Tangu hapo ni yeye anayeandika kila familia inayoingia, kila mtoto anayezaliwa, anayekufa, anayehama. Turubai likigawiwa, sabuni ikigawiwa, maharage yakigawiwa, ni yeye na daftari lake pale mbele, na kila mwenye nyumba anaweka dole gumba lake lenye wino kwenye mstari wake. Miaka saba. Familia mia tatu na kumi na mbili. Daftari tatu.

Nikasimama. "Na ukaniacha niandike néant?"

"Haiko na cachet," akasema, akishangaa kwamba nauliza. "Hakuna mutu alinipatia attestation."

Hapo sikuweza kumcheka, maana hata mimi ningejibu vile vile. Huku kwetu kazi isiyo na karatasi yenye muhuri haihesabiwi kuwa kazi. Unaweza kulima, kufundisha, kuzalisha akina mama, lakini kama hakuna duara la bluu chini ya karatasi, ulikuwa umekaa tu. Sisi wenyewe tunaamini hivyo. Na portail nayo ilitaka, kwa kila kazi, hati ya kuthibitisha.

Tukaandika ile kazi vizuri, yeye akitamka, mimi nikipiga. Aliyakataa maneno yangu makubwa yote. Nilipoandika kwamba alikuwa "mratibu mkuu", akafuta mwenyewe akaweka "mwandishi wa orodha". Mchana akaenda kwa Papa Osée, akarudi jioni na barua yake nzuri kabisa, iliyotamkwa na mzee na kutiwa dole. Muhuri hakuna. Muhuri wa kamati ya site uliungua pamoja na kibanda chao mwaka juzi.

Nikamvuta pembeni. Nyuma ya soko kuna mtu, Abdoul, anachonga muhuri wowote unaoutaka, unangoja umesimama. Nikamwambia bila kona: "Kesho saa nne tuko na cachet."

"Hapana, Mama Régine. Kazi niliifanya ya kweli. Karatasi ya uongo ya nini?"

"Basi utakosa!"

"Niko na cahiers," akasema. "Tutaweka cahiers zenyewe."

Alhamisi akaja na daftari zake ndani ya mfuko wa plastiki, zimefungwa kwa kitambaa. Kona zake zimelika, karatasi zimekuwa nzito kwa jasho la mikono na vumbi la site. Mistari imenyooka kwa rula. Namba, jina, watu wangapi, mwezi waliofika, walichopokea, dole gumba. Nimeona kazi nyingi za kumaliza masomo zikipita mezani kwangu, nyingine za watu ambao leo wanaitwa wakubwa, na sijaona usafi ule. Nikafungua skana kwa furaha.

"Ngoja kwanza," akasema. Akatoa mfukoni vipande virefu vya karatasi ngumu, alivyovikata nyumbani kwa kipimo, akalaza kimoja juu ya safu ya majina. Namba zikabaki, miezi ikabaki, madole yakabaki. Majina yote yakafunikwa.

"Glodie, unafanya nini? Jina ndiyo kazi yenyewe!"

"Majina haiko yangu."

"Nani anaiiba? Ni mu ordinateur tu!"

Akapanga kipande kingine, akakibana kwa kidole, akaningoja nibonyeze. Nikabonyeza kwa hasira. Tulifanya kurasa kumi na mbili hivyo, na umeme ukakatika mara mbili. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari niliona mstari wa kwanza una dole lile lile, lenye kovu lililopita katikati. Mimi na mdomo wangu, nikasema: "Huyu namba moja hata école primaire hakufika? Banamama ba soko banajua kuandika jina yao."

"Ni papa yangu," akasema Glodie, akageuza ukurasa.

Nikatamani ardhi inimeze. Niliomba msamaha, akasema si kitu, tukaendelea. Jioni tulituma yote. Wasifu ukasimama kwenye asilimia tisini, ukingojea Adolphe athibitishe hati.

Ijumaa saa tatu na nusu, Glodie akiwa kando yangu dukani, jibu likaja: hati imerudishwa, haisomeki. Nikafunga duka. Wateja wawili walikuwa mlangoni, nikawaacha hapo hapo na karatasi zao mkononi. Nilimpandisha Glodie kwenye moto, yaani pikipiki, mbele yangu ingawa chuo kiko ng'ambo ya barabara tu, kwa sababu ofisi ya Adolphe iko jengo la nyuma kabisa na mimi nina magoti. Kulikuwa na foleni kwenye korido. Tulipoingia ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Adolphe ni kijana mpole mwenye tai, na nilikuwa nimejiandaa kumla mzima. Glodie akanishika mkono, akaanza yeye.

"Assistant, mumesema haisomeke. Ni wapi?"

"Safu ya majina imefunikwa, mademoiselle. Siwezi kuthibitisha liste isiyo na majina. Mutu anaweza kuchora hii nyumbani." Akatazama saa ukutani. "Lakini ni jambo ndogo. Toa ile karatasi, scanne page moja tu hapa kwangu, ninavalider sasa hivi. Ni dakika tano."

Nikamtazama Glodie. Dakika tano, na kazi anayoitaka kuliko zote duniani iko upande wa pili. Skana ya Adolphe ilikuwa pale pale, taa yake ya kijani inawaka. Nilitaka kuchukua daftari mkononi mwake nifanye mwenyewe, na ninaungama kwamba mkono wangu ulikwenda. Akalikumbatia.

"Sitatoa," akasema. "Lakini mukitaka kujua kama ni miye niliandika, muniulize. Cahiers tatu hizi. Museme numéro yoyote."

Adolphe akacheka kidogo, kisha akaona kwamba hafanyi mchezo. Glodie akafungua daftari la kwanza mezani, kipande cha karatasi kimebanwa juu ya majina, akaligeuza limwelekee Adolphe, yeye mwenyewe akageuka akatazama ukuta.

"Haya. Trente et un."

"Batu sita," akasema Glodie kwa ukuta. "Balifika mwezi wa pili. Hawakupata bâche ya kufunika nyumba, gari ilishapita. Nikabaandika pembeni na bic nyekundu, bakapata mwezi wa ine. Sasa beko tano."

Adolphe akafuata mstari wa thelathini na moja kwa kidole. Kweli, pembeni palikuwa na wino mwekundu. "Kwa nini tano?"

"Surua."

Adolphe akafungua daftari la pili mwenyewe, akiangalia asiguse kile kipande. "Huitième."

"Mama mumoja na bajukuu ine. Alienda Boga kwa kaka yake. Niliacha mustari yake bila kumupatia mutu mwingine, sababu alisema atarudia. Alirudia."

Mstari wa nane ulikuwa na nafasi tupu ya miezi kumi na minne, kisha dole tena. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika thelathini. Adolphe akafungua daftari la tatu ukurasa wa kwanza, akaweka kidole juu kabisa. "Numéro moja."

"Batu tano. Ni siye."

"Huyu ni papa yako? Hajui kuandika?" Aliuliza kwa upole, si kama mimi. Glodie akageuka kutoka ukutani.

"Papa alikuwa mwalimu," akasema. "Miaka makumi mbili. Kule kwetu alikuwa pia secrétaire wa chama ya balimaji. Alikuwa na cahier, majina yote, nyumba kwa nyumba, kufuata njia: huyu karibu ya source ya maji, huyu nyuma ya kanisa. Siku balikuja na bunduki, siye tulikuwa mu shamba. Balikuta ile cahier kwa meza. Balifuata majina." Akatazama daftari zake. "Papa alikuwa na mwandiko muzuri sana. Mutu yeyote aliweza kuisoma. Tangu siku ile hashike bic tena. Hata kwa kusigner jina yake."

Huku kwetu jina la mtu peke yake linaonyesha ametoka upande gani, kila mmoja wetu chumbani mle alilijua hilo tangu utoto, na hakuna aliyekuwa amelifikiria mbele ya skana. Mimi nilikuwa nikiwaza maneno yangu ya jana kuhusu shule ya msingi. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Adolphe akavuta karatasi ya chuo, akaandika kwa mkono wake kwamba yeye, msimamizi wa portail, ameziona daftari tatu, amezijaribu kwa mistari mitatu, na amethibitisha kwamba mwandishi wake ni huyu. Na kwamba majina yamefunikwa kwa sababu za usalama wa wenyewe. Akafungua droo, akatoa muhuri, akaupiga kwa nguvu hadi kalamu zikaruka mezani. Duara la bluu. Akaiweka karatasi kwenye skana yake mwenyewe. Saa tano na dakika arobaini na nane wasifu wa Glodie ukafika asilimia mia.

Niliporudi dukani wale wateja wawili walikuwa wamekwenda. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikafungua CV ZOTE. Majina elfu mbili na zaidi, na baba zao, na mama zao, na vijiji vyao, vimepangwa kwa alfabeti, kwa mwandiko wa mashine unaosomeka na mtu yeyote. Mlango wa duka langu unafungwa kwa kufuli moja. Nilibonyeza kufuta. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, nikaijibu ndiyo, ikafanya kazi yake kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Kuanzia hapo mteja akija kudai CV yake ya mwaka jana namwambia sina, alete flash yake. Wengine wameniita mvivu. Nimewajibu, mnanijua.

Shirika lilimwita Glodie baada ya wiki mbili. Mwanamke aliyemhoji, Madame Rébecca, alitaka kujua jambo moja tu: nani alimfundisha kufunika majina. Sijui alijibu nini, lakini alichukuliwa, yeye na mvulana mmoja aliyesoma sheria, na siku ya kupanda gari kwenda Iga alikuja kwangu kutoa kopi ya mkataba wake.

Hakuja peke yake. Nyuma yake alisimama mzee mrefu mwenye koti lililopigwa pasi, ameshika kofia. Mkataba ulitaka sahihi ya mtu mmoja wa familia, na alikuwa amekuja kuitia mwenyewe. Nikamsalimia, "Karibu, Papa Mwalimu," nikampa kiti. Juu ya meza palikuwa na bic, pale ilipo siku zote. Akaitazama. Nikaondoa ile bic taratibu nikaweka kidau cha wino, na Glodie akamwonyesha mahali.

Mzee akalowesha dole lake lenye kovu, akalibonyeza chini ya jina la binti yake, akalishikilia hapo kwa muda. Kisha akaangalia karatasi ikiingia kwenye skana na taa ikipita chini yake.

"Mama," akaniuliza, "hii jina ya mutoto yangu, itabaki mu mashini yako?"

"Hapana, Papa," nikamwambia. "Hapa hakubakie jina ya mutu."